Muulize fundi: na difu ya mbele je?

Akina baba mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona.

Hii ni posti ya nne kwenye mfululizo wetu wa safari ya mama kutoka nyumbani mpaka kitanda cha leba. Tumeshaongea dalili za hatari, tukaongea mkoba wa kujifungulia, tukaongea nani abaki na watoto wakubwa. Leo naongelea jambo ambalo dada mmoja wa upande wa Mngeta ameniandikia inboksi mara tatu. Ameniruhusu kulisema bila jina. Anasema: “Dada nesi, mume wangu anataka kubadilisha difu ya pikapu yetu. Hela yenyewe ndo ile tuliyoiweka ya kujifungua. Anasema sasa lami imefika Ifakara, pikapu inatakiwa iwe na mbio. Nimkubalie?”

Nimesoma nikacheka kidogo, halafu nikaacha kucheka. Na nyie mnaojiuliza nesi na difu wapi na wapi, mjue mimi nimekulia uani kwa fundi. Baba yangu alikuwa anafungua difu chini ya mwembe, sisi watoto kazi yetu ni kuosha nati kwenye kopo la dizeli. Kwa hiyo jina la krauni nililijua kabla sijajua jina la kondo la nyuma.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho aondoke nao. Kubadilisha difu ya pikapu ya zamani sio kosa. Kwa bonde letu hili mara nyingi ni jambo la maana, ukiibadilisha kuelekea nguvu. Kuibadilisha kuelekea mbio, kwa familia inayoishi nje ya lami na yenye mjamzito ndani, mimi nakataa. Na hata ukiibadilisha kuelekea nguvu, kama fundi anagusa ya nyuma tu na ya mbele anaiacha, bora hiyo hela ikae kwenye kopo lake.

Sasa kwa nini jambo hili linamhusu mama?

Sisi kwenye kazi tunafundishwa kwamba mama mjamzito anachelewa mara tatu. Anachelewa nyumbani kuamua kwenda. Anachelewa njiani. Halafu anachelewa akishafika, kwa sababu damu hakuna au daktari yuko chumba cha upasuaji. Huo wa tatu ni wetu sisi wa hospitali na mna haki ya kutusema. Lakini wa katikati, wa njiani, kwa bonde la Kilombero una sura ya pikapu. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Saa mbili, mama zangu. Kwa masika ya huku saa mbili unaweza kuzimaliza kwenye korongo moja.

Msinielewe vibaya, mambo yamesogea sana. Takwimu za nchi zinasema vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, na ule wa 2022 ukaonyesha 104. Hapa kwetu wenyewe tunajua. Kabla ya daraja la mto Kilombero, hilo la mita 384 alilolifungua hayati Magufuli Mei 2018, mama wa Lupiro au Mahenge alikuwa anasubiri kivuko na uchungu wake. Leo anavuka kama anavyovuka mtaa. Na kuna m-mama, namba 115, bure, mtandao wowote, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Ukipiga, gari la wagonjwa likiwa mbali wanamtafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa, analipwa na mfumo, sio na wewe. Piga 115 kwanza, sitachoka kusema.

Lakini huyo dereva wa jamii anaendesha nini? Anaendesha gari la mtu. Na pale ambapo gari dogo haliingii, kijiji kizima kinajua pikapu iko kwa nani. Ndo ile iliyopeleka mpunga mashineni asubuhi, mchana imebeba saruji, usiku saa nane mtu anagonga dirisha: mke wangu amebanwa. Ukweli ni kwamba ile ni gari la wagonjwa la kitongoji, haina king'ora tu. Kwa hiyo fundi akiifungua, anafungua kitu cha watu wengi.

Turudi kwenye difu yenyewe, maana wengi mnaisikia tu. Ni lile bonge la chuma la duara katikati ya ekseli, mtoto akichungulia chini ya gari analiona. Ndani kuna gia kubwa, krauni, na ndogo inayoisukuma, pinieni. Injini inazungusha propela, propela inazungusha pinieni, pinieni inazungusha krauni, tairi zinatembea. Idadi ya meno ya hizo mbili ndo inaamua kama gari lina nguvu au lina mbio.

Kama hujaelewa, mwangalie bodaboda wako. Anayebeba magunia anafunga spoketi kubwa nyuma. Pikipiki inakuwa na nguvu, inapanda, lakini barabarani inalia sana na haikimbii. Anayebeba abiria mjini anafunga ndogo. Inakimbia, lakini mlimani abiria anashuka anatembea. Difu ni hivyo hivyo.

Kwenye Hilux za zamani za dizeli utakutana sana na namba mbili. Kuna 10 kwa 41, pinieni meno kumi na krauni arobaini na moja. Na kuna 9 kwa 41. Gawanya mwenyewe kwa simu. Ya kwanza unapata 4.1, yaani propela inazunguka mara nne na kidogo ili tairi lizunguke mara moja. Ya pili unapata 4.56. Jino moja tu la pinieni, lakini nguvu ya kusukuma inaongezeka kama asilimia 11, na mbio kwa mzunguko ule ule wa injini zinapungua kama asilimia 10. Hakuna bure hapa. Fundi akikuambia hii itakupa nguvu na mbio pamoja, mshukuru uende zako.

Mume wa dada yetu wa Mngeta ana 9 kwa 41 na anataka 10 kwa 41, au hata ndefu zaidi akipata. Sababu yake sio ya kijinga, naomba nimtendee haki. Kwenye lami injini ya zamani yenye difu fupi inapiga kelele. Gia ya nne, kilomita 80 kwa saa, na tairi za kiwandani, injini inazunguka karibu mara 2,640 kwa dakika. Ukiweka 10 kwa 41 inashuka mpaka karibu 2,400. Inapumua vizuri, dizeli inapungua kidogo, mnaongea ndani bila kupigiana kelele. Kama unakaa Mkamba, Mang'ula au Kidatu kwenye lami, na pikapu yako haijui tope, fanya, sina neno.

Ila yeye anakaa Mngeta. Haya tuhesabu pamoja. Kidatu mpaka Ifakara ni kama kilomita 67. Ukienda kwa 80 unatumia dakika 50. Ukienda kwa 90 unatumia dakika 45. Dakika tano! Hizo ndo dakika mnazotaka kununua kwa hela ya kujifungua. Na mnazinunua upande ambao mjamzito haendi, maana yeye akipata uchungu haanzii Kidatu kwenda Ifakara. Anaanzia shambani kwake, kwenye ile njia ya trekta, anavuka mito inayoshuka kutoka Udzungwa, ndo aje kuikuta barabara. Huko hakuna mwenye 80. Huko kuna gia ya kwanza, kuna gia ya pili, na kuna harufu ya klachi.

Ile harufu mnaijua. Inanukia kama nywele zilizoungua. Gari lenye difu ndefu, limebeba, liko kwenye tope, dereva anashindwa kutoka taratibu kwa gia ya kwanza, basi anakanyaga klachi nusu, anaachia, anakanyaga nusu tena. Anaendesha kwa klachi. Mara mbili tatu inavumilia, siku nyingine klachi inaisha pale pale, na mgonjwa ndani.

Wengine mtaniambia mbona kuna kile kijiti kifupi chenye L. Ni kweli, kipo, na madereva wengi hawakitumii inavyotakiwa, wanaona kama ni aibu. Kitumieni! Kabla hamjafungua difu yoyote, mtu ajifunze kuweka L mapema, kabla ya tope, sio akishazama. Lakini L ni ya sehemu mbaya fupi. Kilomita nyingi za barabara laini yenye mashimo huwezi kuzipita kwa L mpaka unafika, utafika kesho.

Sasa niwaambie kinachofanya pikapu nyingi za huku ziwe legevu, na chanzo sio difu wala uzee wa injini. Ni tairi. Mtu ananunua Hilux yenye tairi za 205, anaona majirani wenye Land Cruiser wana 7.50, na yeye anafunga 7.50. Tairi la 205R16 lina kimo cha kama sentimita 74. La 7.50R16 lina kama 80. Kimo kimeongezeka sentimita 6, asilimia 8 hivi, na tairi likiwa refu ni sawasawa na kupunguza spoketi ya nyuma. Gari limekuwa legevu, tajiri analaumu injini. Na faida aliyoipata chini ya ekseli ni nusu ya kimo, yaani sentimita 3. Upana wa vidole viwili.

Sisemi hizo sentimita 3 hazina kazi. Kwenye njia za majaruba zenye mifereji ya matrekta, sentimita 3 zinaokoa. Ndo hapa sasa difu ya 9 kwa 41 inapokuwa na maana: tairi zimekula asilimia 8, difu inarudisha 11, gari linarudi karibu pale pale kiwanda kilipoliacha, na chenji kidogo. Mtu wa hivyo akiniuliza namwambia aende gereji. Na kama hana hela, arudishe tairi za kiwandani. Ni rahisi kuliko difu, na hakuna fundi wa kukuudhi.

Tena kuna faida ya difu fupi ambayo watu hawaisemi, nayo ni kushuka. Waulize wanaotoka Mahenge kuteremka Lupiro na mzigo. Gari lenye difu fupi ukiliweka gia ya pili linashikiliwa na injini, breki zinapumzika. Lenye difu ndefu na tairi ndefu linataka kukimbia, dereva anakanyaga breki mlima mzima, zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki. Majeruhi wa gari lililokosa breki mlimani tunawapokea sisi.

Basi tuje kwenye kile kilichonifanya niandike. Ya mbele.

Shemeji yangu mmoja ana pikapu ya foo wili, ya miaka ya 1990. Alifunga tairi ndefu, gari likachoka, akaenda gereji moja ambayo siitaji. Fundi akamwambia difu ya nyuma ya 9 kwa 41 ipo, ya mtumba, nzima. Akaifunga siku hiyo hiyo. Gari likawa na nguvu, shemeji akafurahi, akatupitishia na mkungu wa ndizi. Nikamuuliza, “Shem, na ya mbele amefunga?” Akasema, “Ya mbele haijapatikana, fundi amesema haina shida, mbele unatumia siku moja moja.”

Siku moja moja! Hiyo siku moja moja ni ipi kama sio siku ya mvua?

Sikilizeni, maana hapa ndo penyewe. Ukiweka foo wili kwenye hizi pikapu za zamani, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja ndani ya transfa, lile boksi linalogawa nguvu. Zinazunguka sawasawa, hakuna inayoweza kuizidi nyingine. Nyuma una 9 kwa 41, mbele una 10 kwa 41. Propela zikizunguka mara 41, tairi za nyuma zimezunguka mara 9, tairi za mbele mara 10. Nyuma zikitembea mita 90, mbele zinataka mita 100. Gari ni moja, jamani. Mbele inavuta ikimbie, nyuma inakataa. Ni kama ng'ombe wawili wa jembe moja, kila mmoja na mwendo wake, atakayeumia ni nira.

Kwenye tope zito tairi zinateleza, kwa hiyo ule ugomvi unaisha kwa kuteleza na fundi ataonekana mkweli kwa dakika kumi. Lakini usukani unakuwa mzito, gari halifuati unapoliambia, tairi zinalika. Ukifika sehemu ngumu, changarawe kavu au daraja la zege, na foo wili bado umeiweka, hakuna pa kuteleza. Nguvu yote inarudi kwenye transfa, kwenye misalaba ya propela, kwenye gia za difu. Kijiti kinakwama, huwezi hata kukitoa. Kitu kinalia paa.

Shemeji hakuvunja kitu. Yaliyompata ni mabaya kuliko kuvunja, kwa maoni yangu. Alijaribu foo wili mara moja, akasikia milio, akaogopa, akaacha kabisa kuitumia. Yaani pikapu ya foo wili imekuwa pikapu ya kawaida, na kitongoji kizima hakijui. Usiku watakuja kugonga kwake wakiamini kuna gari la tope. Na gari la tope halipo, limeondolewa gereji mchana kweupe na risiti ikatolewa.

Ndo maana nawaambia akina mama, swali lenu kwa fundi ni moja tu, na halihitaji ujue hata jina la nati: na difu ya mbele je? Akisema ataibadilisha, umwambie zifungwe siku moja, gari lisitoke na moja. Akisema ya mbele haipatikani, basi na ya nyuma isubiri. Na asikudanganye kwamba ataichukua ya nyuma ya gari lingine aiweke mbele. Kwenye Hilux zenye tosheni mbele, difu ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma, haiingii.

Kama mmenunua pikapu mkononi mwa mtu na hamjui ndani kuna nini, mnaweza kuipima wenyewe Jumapili mchana, na watoto wakasaidia kuhesabu. Kwenye bamba la chasisi la Toyota kuna herufi za ekseli zinazosema ilitoka kiwandani na difu gani, lakini gari la zamani limeshafunguliwa na watu wengi, bamba linasema ya zamani. Pima. Gari liwe sehemu ya tambarare, mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi zitakazobaki chini, handibreki imeachiwa, gia huru, foo wili imetolewa. Inua tairi moja tu la nyuma kwa jeki na uweke kigogo chini ya ekseli, mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chora alama ya chaki kwenye tairi, chora nyingine kwenye propela. Mmoja azungushe tairi mara 20 kamili, mwingine pembeni ahesabu propela. Ikizunguka 41, hiyo ni 10 kwa 41. Ikizunguka 45 na nusu hivi, hiyo ni 9 kwa 41. Halafu fanya hivyo hivyo mbele, tairi moja juu, hapo hakikisha zile loki za kwenye habu zimefungwa, la sivyo tairi litazunguka peke yake na propela italala. Namba ya mbele na ya nyuma zisipofanana, hilo gari msiliweke foo wili mpaka lirekebishwe, na dereva wenu wa dharura aambiwe.

Dada mmoja aliwahi kuniambia haya ni mambo ya wanaume. Mpunga ulioinunua hiyo pikapu uliupalilia peke yake mume? Haya.

Kuna na mshale wa spidi, nisiusahau, maana huku nyuma ya pikapu wanakaa watoto wetu juu ya magunia, jambo ambalo silipendi na nitaliandikia posti yake. Kwenye pikapu hizi mshale unasoma kutoka upande wa propela, haujui tairi lako lina kimo gani. Ukifunga tairi ndefu bila kugusa difu, mshale unakuambia 80, wewe uko kwenye 86. Unapita kwenye makazi ya watu ukiamini unaenda 50, kumbe umevuka. Ukibadilisha difu kuwa fupi na tairi ukaziacha za kiwandani, mshale unasema 80 na wewe uko 72, hapo hamna ubaya, mtachekwa tu kwa kuchelewa. Ukifanya vyote viwili unarudi karibu na ukweli, 78 hivi. Kila dereva wa gari hilo aambiwe, sio mwenye gari peke yake, maana usiku wa dharura anayeendesha mara nyingi ni kijana wa jirani.

Kuhusu ufundi wenyewe, nayasema aliyoyasisitiza baba. Krauni na pinieni ni mume na mke waliozoeana, zinasagwa pamoja kiwandani na zinakuja na namba inayofanana. Fundi akichukua krauni ya huku na pinieni ya kule kwa sababu meno yanahesabika sawa, difu italia ndani ya wiki na itakufa. Kama mnanunua ya mtumba, nunueni kichwa kizima cha difu ambacho hakijafunguliwa. Kina usalama kuliko seti mpya iliyofungwa kwa kukisia bila vipimo. Oili iwe namba 90 ya difu, sio oili ya injini iliyobaki kwenye dumu. Gia zikiwa mpya, siku ya kwanza zisipewe mzigo. Zitembezwe taratibu, zipumzike zipoe, na oili imwagwe iwekwe nyingine baada ya kilomita mia kadhaa, maana ya kwanza inatoka na unga wa chuma. Mtu anayetoka gereji moja kwa moja kwenda kupakia lumbesa amelipa hela ya kuharibu.

Sasa hela ya kujifungua. Dada yangu wa Mngeta, na wengine wote wenye kopo la namna hiyo: hilo kopo lina kazi yake hata kama huduma ya uzazi haina malipo. Kuna nauli ya anayekusindikiza, kuna chakula chake kwa siku asizozijua idadi, kuna kitenge, kuna vitu vitakavyokosekana siku hiyo. Difu ya mbio haina dharura. Mwambie mume wako, kwa heshima yake yote, kwamba utazaa kwanza, mpunga ukivunwa mtaongea. Na kama ana hela ya pembeni inayomwasha mfukoni, kuna vitu kwenye hiyo pikapu vinaitaka leo: tairi zenye meno, betri inayowasha usiku wa manane bila kusukumwa, taa zote mbili, turubai lisilovuja, na godoro jembamba lililofungwa kwenye nailoni likae tayari.

Hilo godoro ni kwa ajili ya kumlaza mama kwa ubavu wa kushoto, mtu mmoja akae kichwani kwake amshike, sio watu tisa wa kusindikiza. Kila mtu ni kilo sitini za kuizamisha gari. Mtoto akitoka njiani, mfute, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili, kitovu kiacheni tutakikata sisi. Dereva asikimbie kwa sababu amesikia mtoto analia. Akilia yuko salama.

Maswali ya bei za difu msiniulize, zinabadilika na mimi sio dalali. Ya kitabibu leteni, nipo zamu ya usiku mpaka Ijumaa, nitajibu asubuhi nikitoka. Posti ijayo ni mtoto njiti na baridi ya nyuma ya pikapu.